Madigadi Mbili za Kushoto

Wengi wenu mnadhani mimi ni mtu mkali kwa sababu napaza sauti hata nikiomba chumvi. Si ukali. Masikio yangu yalibaki kazini. Ukigonga bati miaka yote bila kuziba masikio, unafika umri wangu ukisikia mlio mmoja tu kutwa, kama redio iliyopoteza stesheni. Kwa hiyo siku mliyoniaga pale gereji sikusikia hotuba hata moja. Niliona midomo ikienda, nikapiga makofi wengine walipopiga. Ni baadaye mmoja wenu alipokuja nyumbani, akaniandikia kwenye simu kwamba mliniomba niwaachie maneno machache juu ya kazi. Basi ndiyo haya, na mkiona ni mengi mjilaumu wenyewe.

Juu ya vyeo sina cha kusema. Kwetu kulikuwa na mshika nyundo na mshika taa, na siku nyingine mshika taa alikuwa ndiye mwenye gereji. Nataka kuandika juu ya Mzee Ogutu, aliyenifundisha, na gari alilotengeneza mwishoni. Ni wachache wenu waliomwona, na hao walimwona akiwa ameshachoka. Inaniuma kwamba mnamjua kama yule mzee aliyekuwa akikaa kwenye tairi nyumbani kwangu na kuwauliza majina yenu kila saa.

Nilipotoka magharibi nilifikia kwa binamu yangu Kibera, na binamu hakuwa mtu wa kulisha mgeni muda mrefu. Alinipeleka Kambi Muru, hapo hapo Kibera, kwa Mjaluo mmoja, ndiye huyo Ogutu, aliyekuwa akitengeneza masanduku ya wanafunzi na majiko, na pia kunyoosha bodi za magari. Gari lenyewe halikuweza kufika pale, vichochoro vilikuwa vyembamba mno. Wateja waliliacha juu barabarani, wakafungua kilichobonyea, wakakishusha kichwani. Ungekutana na boneti ikitembea kati ya nyumba, na miguu ya mtu chini yake, na kina mama wakiondoa sufuria njiani.

Siku ya kwanza Ogutu alinipa mlango mkuukuu wa gari, akauegemeza ukutani. Akaniambia nitafute palipoharibika. Nikainama, nikachungulia, nikasema uko sawa.

"Nimekuambia uangalie?" akauliza. "Nimekuambia ushike. Funga macho. Na utoe hiyo mkono ya kulia, tumia kushoto."

Mkono wa kulia ni wa nyundo, unaota sugu na kuwa kiziwi mapema. Wa kushoto ndio unaosoma. Nilipitisha kiganja pole pole nikasema bado naona uko sawa. Akanishika mkono akaurudisha nyuma kidogo, mahali ambapo bati lilikuwa limeinuka unene wa ukucha. Nikalisikia. Nikalisikia tena upande wa chini. Hakusema vizuri wala vibaya. Alinipa ufagio.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kumsifu mtu. Ukifanya vibaya alikuambia rudia, ukifanya vizuri alikupa kazi nyingine. Nilikaa naye miaka mingi nikingoja neno moja, na sioni aibu kukubali kwamba hata nilipokuwa na watoto wa shule nilikuwa bado nalingoja.

Vifaa vyetu mngecheka. Fuawe letu lilikuwa kipande cha reli. Bakuli la kukunjia bati lilikuwa gogo lililochimbwa shimo, na mto wa kugongea ulikuwa mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, tulioshonewa na fundi viatu. Nyundo za mbao alizichonga mwenyewe. Kwa vifaa hivyo nilimwona akichukua bati tambarare na kulitoa likiwa na mgongo na kiuno, bila mashine yoyote. Nyinyi siku hizi mnaletewa mlango kutoka Japani ukiwa na rangi yake na vumbi la mwenyewe wa kwanza. Siwalaumu, mteja ana haraka. Ila msiite hiyo kutengeneza, iiteni kufunga boliti.

Kuna sheria moja aliyoishikilia kuliko zote. Ukitaka kuunda kipande kipya, kwanza unapima kwa karatasi ya mfuko wa simiti. Unaibandika juu ya upande mzima wa gari, unaikata ifuate umbo, halafu unaigeuza na kuchora juu ya bati ili upate upande wa pili. Ukisahau kuigeuza, utaunda upande ule ule ulio nao tayari. Ndiyo maana kabla ya kugusa mkasi ilibidi uandike kwa chaki: kushoto, kulia, nje, ndani.

"Karatasi haijui kushoto," alikuwa akisema. "Wewe ndio unajua. Ukisahau, hakuna mwingine atakuambia."

Kila mwanafunzi alikosea hapo angalau mara moja. Mimi niliwahi kumtengenezea mchungaji mmoja milango miwili ya upande wa dereva. Ogutu aliutundika ule wa pili ukutani, na kila mteja aliyeuliza ni wa nini aliambiwa, "Ni ya Wanjala. Anangoja gari ya madereva wawili."

Baadaye tulihamia Kawangware tulikopata uwanja, na magari yakaanza kuingia kwa miguu yao. Tulipata kesi ngumu za kila aina. Siku moja gari la harusi liligonga mkokoteni wa maji karibu na Riruta, wakatuletea likiwa na riboni zake na bibi harusi ndani. Alikaa juu ya sanduku la vifaa, gauni amelikusanya mapajani, akatuangalia tukigonga. Bwana harusi alikuwa akilia kuliko yeye. Tulilitoa kabla kanisa halijafungwa, na mpaka leo sijui kama ndoa ilinyooka kama lile bati la mbele.

Nimechelewesha kufika kwenye gari la Mzee kwa sababu kuanzia hapa si rahisi kwangu.

Mzee Ogutu alikuwa na kaka yake, Okumu, mwalimu, aliyebaki nyumbani upande wa ziwa. Ogutu alipoacha shule na kuja Nairobi, Okumu alimwambia mbele ya baba yao kwamba anakwenda kugonga mabati ya watu mpaka afe. Ogutu akajibu kwamba atarudi na gari lake mwenyewe, aliloliunda kwa mkono wake, na siku hiyo ndiyo watakayopeana mkono. Ni maneno ya vijana. Wengine husema na kusahau. Hawa wawili walikuwa wa tumbo moja na kichwa kimoja kigumu. Waliendelea kukutana kwenye mazishi ya kwao, mmoja upande huu wa kaburi na mwingine upande ule, na mikono yao haikukutana. Baba alikufa hivyo. Mama alikufa hivyo.

Ogutu alipoacha kazi ya gereji, mkewe akiwa ameshafariki, alikuja kwangu akasema amepata gari. Lilikuwa nyuma ya nyumba moja Riruta, stesheni wagoni ya Kifaransa yenye safu tatu za viti, zile zilizokuwa zikipeleka watu magharibi zamani. Kuku walikuwa wakilala ndani. Mwenye nyumba, mjane, alikubali kulitoa tukimtengenezea geti. Injini ilikuwa na uhai wake. Bodi ilikuwa imekwisha: sakafu imeoza, madigadi za mbele, yale mabati ya juu ya magurudumu, ni kutu tupu, milango ya nyuma unapitisha mkono. Nilimwambia vipande vya gari hilo havipatikani tena popote.

"Nani amesema natafuta?" akaniuliza.

Kambi Muru, alikokuwa bado akiishi, gari lisingeingia, kwa hiyo tukalivuta hadi nyumbani kwangu. Nimepanga Kawangware katika ploti ya Mama Njeri, mwenyeji wa pale tangu enzi za babu yake, na ndani ya ploti kuna uwanja wa kuanikia nguo. Mama Njeri alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wanjala, hiyo ni nini?"

"Ni gari, mama."

"Gari iko wapi? Mimi naona choo ya kuku. Wapangaji wangu wataanika wapi?"

Mzee akamwambia kwa upole kwamba ataweka kamba mpya kutoka paa hadi paa, na kwamba anataka kurudi kwao na gari hilo. Mama Njeri alizipima kamba zake kwa macho. Akasema kelele ziishe kabla ya ibada ya jioni na Jumapili asisikie hata msumari. Kila alipopita baada ya hapo alilalamika, halafu akatuma chai.

Atieno, bintiye Mzee, ndiye aliyekuwa akimleta kwa boda boda kila Jumamosi. Ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Tulianza na sakafu, tukaja milango. Sijawahi kufurahia kazi vile. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, nimefundisha wengine, lakini nikishika bati naye akiligonga nilikuwa tena yule mgeni wa Kambi Muru.

Madigadi ya mbele ya kushoto aliiunda peke yake. Iliyooza ilikuwa na umbo la kutosha kupimia, akajenga juu ya hilo. Alitumia wiki nyingi. Alilivuta bati kwenye gogo, akalituliza kwenye reli, akalichoma moto kidogo palipovimba na kulibana kwa kitambaa cha maji mpaka likarudi. Ilipokwisha haikuhitaji hata kijiko cha fila, ule uji wa kuzibia mabonde. Wapangaji walikuja kuipapasa. Mama Njeri alikuja kuipapasa, akafuta alama za vidole vyake kwa kanga.

Ya kulia ilikuwa imebaki vipande, kwa hiyo ilibidi apime kutoka kwa ile ya kushoto. Alikata karatasi, akachora, akagonga kwa Jumamosi kadhaa. Mimi nilikuwa upande wa nyuma nahangaika na mlango. Siku ya kuijaribu alinyanyua ile madigadi, akaipeleka upande wa kulia, akaiweka. Haikukaa. Akaigeuza. Akaigeuza tena juu chini. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuvaa kiatu cha mguu mwingine. Nilijua kabla yake, nikasimama pale na nyundo mkononi.

Aliiweka chini, akakaa juu ya gogo. Nikatazama ile karatasi ya simiti. Haikuwa na chaki hata mstari mmoja.

"Wanjala," akasema, "nimefanya kushoto mbili."

"Ni kawaida, Mzee. Mimi si nilifanya milango?"

"Wewe ulikuwa mjinga." Akapapasa ukingo wa ile madigadi. "Mimi napotea. Asubuhi nimeuliza Atieno mama yake ako wapi. Akalia. Sikujua analilia nini."

Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimeona dalili, jina linalomponyoka, nyundo anayoitafuta ikiwa mkononi, na nilikuwa nimejiambia ni uzee tu. Nililia hapo hapo uwanjani, kati ya mashuka ya watu. Yeye hakulia.

"Hii gari nataka kuipeleka kwa Okumu nikijua ni yangu," akasema. "Na hii kichwa inaenda mbio kuliko sisi. Wewe kata karatasi. Mimi nitagonga."

Basi tukabadilishana. Mimi nikapima na kukata, na kuandika kwa chaki kila mahali mpaka gari likafanana na ubao wa darasa. Yeye akagonga, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado inajua hata siku ambazo yeye hakujua. Lakini siku hizo zikawa nyingi. Alianza kunyoosha kipande kilichokwisha kunyooka, akaendelea kugonga mpaka bati likawa jembamba, nami nikamwomba nyundo kwa hila. Nikamkuta akifungua mlango tulioufunga. Mwishowe akawa anakuja na kukaa kwenye tairi, anatazama, ananiuliza mimi ni fundi wa wapi. Madigadi ya kulia niliiunda mimi. Nilikimbia, wanangu. Baada ya kazi ya gereji nilikuwa nashika kazi ya nyumbani, na mke wangu akazoea kula bila mimi. Niliharibu bati mara mbili kwa haraka, kitu ambacho ningemfokea mwanafunzi. Masikio yangu yaliyokuwa yamebaki nilianza kuyamaliza hapo.

Kuna aliyeniambia nitie fila na plastiki nimalize, mzee hatajua. Labda asingejua. Sikuweza.

Tulilipaka rangi ya samawati, rangi yake ya zamani. Siku ilipokauka Atieno alimleta, akamshika mkono hadi kwenye gari. Mama Njeri alikuwa ameondoa nguo zote kwenye kamba bila kuombwa. Mzee alisimama, akafumba macho, akanyoosha mkono wa kushoto.

Alianzia madigadi ya kushoto, ile yake. Alikwenda pole pole, akarudi, akakaa hapo muda mrefu.

"Hii imepigwa na mtu," akasema. "Huyu ni nani?"

"Ni fundi mmoja wa Kambi Muru," nikamjibu.

"Niombee kazi kwake. Mwambie niko tayari hata kufagia."

Atieno aligeukia ukuta. Mzee akazunguka mbele, akafika upande wa kulia, akapapasa ile yangu. Akatikisa kichwa.

"Hii nyingine ni ya mwanafunzi. Lakini anajaribu. Mkono uko."

Ndilo hilo neno nililolingoja tangu ujana wangu. Lilikuja kutoka kwa mtu asiyejua anamwambia nani, nikaingia nyumbani nikafunga mlango.

Niwaambie mapema msije mkakaa mkitumaini: Mzee Ogutu amekufa, alizikwa kwao mwaka mmoja baada ya safari nitakayowaeleza, na hakurudiwa na akili. Tulishauriana mimi na Atieno kama kuna maana yoyote ya kumpeleka kwa Okumu. Yeye ndiye aliyeamua. Alisema baba yake aliahidi kufika, hakuahidi kukumbuka.

Niliendesha mimi, Mzee kando yangu, Atieno nyuma. Njiani alikuwa na furaha. Alisikiliza bodi, akaniambia haipigi kelele, mwenye gari atafurahi. Nilimwambia ndiyo, atafurahi. Tulipoteremka kuelekea ziwani akaanza kutazama nje kwa makini, nami nikatumaini labda atakumbuka. Nikapunguza mwendo. Akapiga miayo, akalala.

Mwalimu Okumu alikuwa amepigiwa simu. Alitoka nyumbani kwake kwa mkongojo, mrefu kama ndugu yake, shati limefungwa hadi shingoni. Hakutusalimu. Alilizunguka gari lote, taratibu, akainama kwenye taa, akagusa mlango kwa ncha ya kidole. Kisha akaja upande alioketi Mzee Ogutu, ambaye alikuwa ameamka na kushuka, amesimama kando ya boneti kwa adabu. Akamuuliza kwa Kijaluo, kwa sauti kubwa ya walimu ambayo hata mimi niliisikia:

"Hili ni lako?"

Mzee Ogutu akamjibu kwa Kiswahili, kile tulichokuwa tukitumia na wateja.

"Hapana, mzee. Ni ya mwenyewe. Mimi ni fundi tu."

Nilifungua mdomo kueleza. Atieno akanishika mkono. Mwalimu Okumu alimwangalia ndugu yake usoni, akahamishia mkongojo mkono wa kushoto. Alipoongea tena aliongea Kiswahili, na kilikuwa kizito mdomoni mwake.

"Ukimwona mwenyewe," akasema, "mwambie kaka yake ameiona. Mwambie ni nzuri sana. Mwambie nilikosea."

Akanyoosha mkono. Mzee Ogutu akafuta wake kwenye suruali kwanza, ili asimchafue, akaupokea.

"Nitamwambia," akasema.